Ya Skuli na ya Nyumbani

Mimi ni mpekuzi, na sioni haya kusema. Mlango ukiachwa nusu wazi lazima nichungulie, na nikisikia watu wawili wakinong'ona, kazi yangu imekwisha mpaka nijue wananong'ona nini. Mume wangu husema nilikosea kazi, ningeajiriwa kule bandarini Kilindini nifungue makontena ya watu. Badala yake nikawa mwalimu wa chekechea Mji wa Kale, orofa ya pili ya nyumba ya zamani ambayo ngazi zake zimelika katikati.

Katika yote ninayofundisha, hakuna linalonipendeza kama mchezo wa kubadilisha vichwa vya maneno. Tunakaa mkekani kwa duara. Nasema "taa". Neno hili limeanza na sauti gani? Watoto wanaitafuta kwa ndimi zao, wengine wanatia na vidole kinywani waone ulimi umekwenda wapi, halafu wanaitaja: t. Basi itoeni, nawaambia, itieni mfukoni, na mahali pake iketi s. Taa inakuwa saa. S ikiondoka ikaja k, saa inakuwa kaa. Kisha vaa, kisha jaa, kisha faa. Siku moja ilizaliwa "daa", na mtoto mmoja akatueleza kwa uzito wote kwamba daa ni mdudu anayekula penseli. Tangu hapo penseli ikipotea darasani kwetu, tunajua imeliwa na nani.

Unaweza kudhani ni upuuzi wa kupitisha wakati. Sivyo. Mtoto akishasikia kwamba neno lina kichwa, na kwamba kichwa hicho kinatoka na kingine kinaingia, amegundua kuwa maneno yameundwa kwa vipande. Herufi zikija baadaye zinamkuta anazingoja. Asiyesikia vipande hivyo hukariri ukurasa mzima kwa sura yake, na ukimpa ukurasa asioujua anakwama.

Na mimi nimejifunza mengi mkekani pale. Watoto waliolelewa na nyanya zao mitaa hii wana "paa" mbili. Paa la nyumba hulisema kavu, na paa yule mnyama wa porini humsema na pumzi. Nilipoligundua hilo nilikata ukanda wa karatasi nyembamba, nikawa nauning'iniza mbele ya midomo yao. Kwa nyumba karatasi inatulia, kwa mnyama inaruka. Nikijaribu mimi inaruka kwa yote mawili, nao wanaona raha kunisahihisha. Mimi nilizaliwa Mbaraki, lakini baba yangu alitoka bara kuja kuwa karani bandarini, na yako mambo ya pwani yaliyonipita nikiwa nimesimama pale pale.

Mwaka mmoja nilikuwa na msichana wa miaka sita ambaye alinishinda kumwelewa. Hakuwa mtoto wa kunyamaza. Alikuwa na pengo mbele, na kupitia pengo hilo zilitoka habari za mtaa mzima: nani ameposwa, nani amegombana na nani, nani amepaka mlango wake rangi mbaya. Rafiki yake wa chanda na pete alikuwa binti wa Mhindi mwenye duka la vitambaa chini ya nyumba yao. Walikuja skuli wameshikana mikono, wakarudi vivyo hivyo, na achari yao ya embe ilitoka katika pakiti moja. Lakini mchezo wa sauti ukianza tu, msichana wangu alibana midomo, akainamisha uso, akashughulika na ukingo wa mkeka. Nikimuuliza "taa", kimya. Nikimuuliza "kiti", kimya. Wenzake wakipiga kelele za majibu, yeye alizidi kuinama.

Nilianza na masikio. Nilidondosha funguo nyuma yake, akageuka hapo hapo na kuniambia, "Mwalimu, funguo zako." Masikio mazima. Nikadhani ni haya, lakini wakicheza harusi yeye ndiye aliyekuwa bibi harusi, na somo wa kumfunda, na mpishi, na aliyewaamrisha wengine wote. Nikadhani ni lile pengo, pengine s inamponyoka na anaogopa kuchekwa, basi nikampa maneno yasiyohitaji meno. Kimya. Mwisho nikachora picha, nikamwambia hata asiseme, aguse tu kwa kidole: paka akivuliwa p akavikwa t, anakuwa kipi hapa? Aligeuza uso ukutani.

Hapo ndipo udadisi ulinipanda kichwani. Mtoto asiyejua hubahatisha. Atagusa picha yoyote akutazame usoni aone kama amepata. Huyu hakubahatisha hata mara moja. Aliukataa mchezo wote, na nikawa nina hakika kwamba anajua kitu ambacho mimi sikijui.

Jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Mwalimu wetu mkuu alikuwa na sheria yake. Mwisho wa mwaka humsikiliza kila mtoto mwenyewe, na asiyeweza kubadilisha sauti za mwanzo hapandi gredi ya kwanza. Anabaki mkekani mwaka mwingine. Nilijaribu kumtetea msichana wangu mapema, nikasema ana akili nyepesi, akaniuliza kama ana akili nyepesi kwa nini hajibu. Wakati huo yule rafiki yake alikuwa ameshashonewa sare. Wao wawili walikuwa wamekwisha kupatana nani atakaa upande wa dirishani, na watabadilishana lini. Nilipowasikia wakipatana hayo, nilisikia uchungu. Mmoja wao hakuwa na dawati.

Jioni nikivuka Feri kurudi nyumbani nililitafuna jambo hili peke yangu. Nilikuwa nikinong'ona: taa, saa, kaa, kwa nini hataki, taa, saa, kaa. Mama mmoja aliyekaa karibu nami alihamisha kapu lake, kisha akajihamisha na yeye mwenyewe.

Nikaamua kwenda kwao. Nilikwenda alasiri, baada ya kuomba ruhusa kwa mama mtu, naye akaniambia mtoto analelewa zaidi na nyanyake, nizungumze naye. Yule baba wa dukani alinionyesha ngazi. Juu nilimkuta nyanya mwembamba amekaa chini, leso imefungwa vizuri, sinia la asumini mbele yake, anatunga kwa sindano ndefu. Alinikaribisha kwa salamu za watu wa hapa, zile zisizo na haraka. Aliniuliza hali yangu, ya mume wangu, ya watoto, ya mama yangu na mguu wake unaomsumbua, ambao sijui aliusikia wapi. Zilipokwisha nilikuwa karibu kusahau nilichofuata. Msichana wangu alikaa pembeni, magoti pamoja, akinitazama kama mtu anayemtazama askari aliyekuja nyumbani.

Nyanyake akamgeukia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, huku macho yakiwa kwenye sindano, "Tele icha."

Mtoto akainuka. Mlangoni akauliza, "Risuka?"

"Gokido," nyanyake akajibu.

Nilikaa na mdomo wazi. Si kwamba sikuelewa. Nilielewa, na ndio maana nilikaa na mdomo wazi. Lete chai. Sukari? Kidogo. Mkia wa kila neno ulikuwa umenyofolewa na kuketishwa mbele, na mtoto ambaye miezi yote hakuweza kunigeuzia taa ikawa saa alikuwa akiyafanya hayo huku anatembea.

Nilikuwa nimewahi kuyasikia maneno ya namna hiyo. Mbaraki, nikiwa mdogo, wasichana wa jirani walikuwa wakikaa barazani kusukana nywele. Wakizungumza nilisikia kila kitu, mpaka nilipokaribia. Nikikaribia, mazungumzo yaligeuka, maneno yale yale yakawa yanakwenda kinyumenyume kwa kasi, na vicheko katikati. Nilijua ninasemwa. Nilimuuliza mama yangu ni lugha gani ile, akasema wanaiita kinyume, ni ya wenyewe, na yeye pia haijui. Nilikuwa na wivu mkubwa, na ukweli ni kwamba haujanitoka wote. Nadhani ndio ulionifanya mpekuzi.

Sasa lakini nilikuwa mtu mzima, na kuvunja maneno ndiyo kazi inayonilisha. Mtoto aliporudi na kikombe, furaha ya kufumbua ikanizidi nguvu. Nikaionja chai, nikamtazama nyanya, nikasema, "Nginyi."

Yaani sukari nataka nyingi.

Sindano ilisimama. Nyanya alinikodolea macho. Lakini aliyenishtua ni mtoto. Uso wake ulivunjika, akamkimbilia nyanyake akamshika leso kwa mikono miwili, na machozi yakaanza.

"Sikumwambia, nyanya," akasema. "Wallahi sikumwambia. Kila siku yuwaniuliza, mbele ya watu wote, na sikumwambia."

Niliweka kikombe chini. Yote yalinijia kwa pamoja, midomo iliyobanwa, uso uliogeuzwa ukutani. Mtoto huyu alikuwa amefundishwa nyumbani kwamba kuvunja maneno na kuyapanga upya ni siri ya wanawake wa nyumba hii, haitoki nje ya mlango, haisemwi mbele ya wageni wala mbele ya wanaume. Halafu amepelekwa skuli, na mwanamke mmoja mnene amekaa mkekani anamwambia kila siku avunje maneno, mbele ya wavulana, kwa kelele. Alidhani namchimba. Na mimi, nilivyozaliwa, nilifanana kabisa na mchimbaji. Alikuwa tayari kubaki mkekani, na kumpoteza rafiki yake, kuliko kuitoa siri ya nyanyake.

Nikamweleza nyanya habari yote, na sheria ya mwalimu mkuu, na dawati la dirishani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamvuta mtoto.

"Ndoo hapa," akamwambia. "Umefanya vyema. Hakuna aliyekukasirikia."

Mtoto alipotulia, nyanya alinieleza. Yeye alifundishwa na nyanyake, na huyo na wake. Walikitumia kinyume mchuuzi akiwa mlangoni, ili waambiane bei ya mwisho bila yeye kujua. Walikitumia wanaume wakiwa ukumbini, na zaidi ya yote wakija watu wa posa, ambapo bibi zake waliweza kumkubali mtu au kumkataa huku yeye amekaa mbele yao anakula kaimati. Nikamuuliza na ile sukari kidogo ilikuwa ya nini. Akacheka mpaka akajifuta macho. "Umenenepa, mwalimu," akasema. "Nalikuonea imani." Yaani huruma.

Aliniomba nimwonyeshe na yetu ya skuli. Nikamtolea taa, saa, kaa. Akaipokea pale pale. Akapita katika vaa na jaa bila kusita, akafika kwenye paa, akaisema mara mbili, moja kavu na moja na pumzi, na maua mepesi ya asumini yaliyokuwa mkononi mwake yakatikisika kwa ile ya pili. Nilitamani ningekuwa na karatasi yangu. Mtoto alikuwa amekaa kati yetu, anatutazama kwa zamu, na uso wake bado haukuridhika.

"Zote ni kuvunja maneno," akasema mwishowe.

Lilikuwa neno la haki, na mimi mwenye cheti changu cha ualimu nikamtazama nyanya. Nyanya aliliheshimu. Alitunga maua machache kwanza, anawaza.

"Ya skuli ni kubadili kitwa," akasema. "Hiyo ni ya watu wote, hata dukani wataiweza. Yetu, mkia huenda mbele. Ya skuli nena, hata mbele ya waume. Ya nyumbani iwate nyumbani." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, mwalimu, ulilolisikia hukulisikia."

Nikaapa. Na msomaji asinihukumu kwa kuyaandika haya, maana nimemwendea nyanya yule tena nikamwomba ruhusa, naye amenipa kwa mpaka. Hii ya mkia kuja mbele, anasema, ni kinyume chepesi, pwani nzima wanacho. Cha kwao kizito kina mzunguko mwingine juu ya huo. Huo mimi sikufundishwa, na ningefundishwa nisingeusema.

Msiniulize kama kesho yake mtoto aliingia mchezoni akang'ara. Kesho yake alinyamaza vilevile. Siku iliyofuata alikuja akanijibu sikioni, pumzi tupu: saa. Nikajizuia nisimkumbatie. Siku nyingi alijibu sikioni tu, na rafiki yake akamwonea wivu, akadhani tuna mambo yetu. Baadaye akawa anajibu kwa sauti iwapo mlango wa darasa umefungwa. Nami nikawa naufunga, hata joto likizidi, na watoto wengine wakaniona nimeanza vituko.

Siku ya mwalimu mkuu ikafika. Ni mama mkali mwenye miwani ya kamba, mtu wa haki lakini hana subira. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, na mtoto mmoja mmoja akaitwa. Mimi niliruhusiwa kusimama nyuma kwa sharti nisifungue mdomo wala nisikonyeze. Binti wa dukani alipita akafanya vizuri, akaenda kungoja kwenye ngazi. Mlango akauacha wazi. Kisha akaitwa msichana wangu.

"Taa," mwalimu mkuu akasema. "Toa t, weka s."

Kimya. Akabana midomo kama zamani, macho sakafuni. Mwalimu mkuu akarudia, taratibu zaidi. Kimya. Nilitazama ule mlango ulio wazi nikatamani kuufunga, lakini nilikuwa nimekatazwa. Mwalimu mkuu alinitupia jicho la kusema, si nilikwambia, akachukua kalamu. Sikuona aibu, nilimwombea mtoto yule nilivyojua kuomba.

Akainua uso. Hakunitazama mimi. Alimtazama mwalimu mkuu.

"Hii ni ya skuli?" akauliza.

Mwalimu mkuu alishangaa. "Ndiyo, ni ya skuli," akajibu. "Kwani iko nyingine?"

Mtoto alifikiri kidogo. Nami nikashika ukuta.

"Hakuna," akasema. Kisha, bila kuvuta pumzi, "Saa."

Wakaendelea. Kiti kikawa miti, bata akawa pata, nazi ikawa kazi, kila swali likakuta jibu lake linangoja. Mwalimu mkuu alipochoka kuuliza, mtoto alimwuliza yeye kama anajua kwamba kuna paa mbili, akamwambia aweke mkono mbele ya mdomo. Mwalimu mkuu, ambaye kwao ni bara kama kwetu, aliweka mkono. Sikujua nicheke au nilie.

Mwalimu mkuu alipomaliza kuandika jina la mtoto kwenye orodha ya watakaopanda, aliniuliza nilitumia njia gani, kwa sababu wako walimu wengine wenye watoto wa namna hii wangependa kujua. Ilikuwa nafasi ya kusifiwa, na mimi napenda kusifiwa. Nilimwambia mtoto amekua tu. Aliniangalia kama mtu anayejua hajaambiwa yote, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa mimi niliye ndani ya mlango.

Nilitoka kumsindikiza msichana wangu hadi kwenye ngazi. Rafiki yake alikwishateremka anamngoja chini, anamwita afanye haraka. Msichana alishuka ngazi ya kwanza, akasimama, akatazama juu, akatazama chini, akahakikisha hakuna mwanamume wala mgeni.

"Nteasa, mumwali," akaniambia kwa sauti ndogo.

Nilisimama pale juu kama yule mtoto wa Mbaraki anayekaribia baraza, ila safari hii hakuna aliyegeuza maneno ili kunificha. Nikatazama nyuma kwanza kama mwalimu mkuu anasikia. Kisha nikamjibu, polepole kwa sababu bado ni mgeni, "Bukari."